Kima Aliuacha Wapi Moyo?

Nilipasi fasihi simulizi vizuri sana. Niamshe saa tisa usiku nitakutajia sifa za fanani bora, tofauti ya hekaya na khurafa, na umuhimu wa fomyula ya kufungulia ngano, yote kwa nukta, huku napiga miayo. Mliofanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili mnajua ninachosema. Tulikariri mpaka basi. Lakini miaka minne yote ya sekondari sikusimulia hadithi hata moja. Hakuna aliyeniomba. Tulikuwa kama watu waliofaulu mtihani wa upishi bila kuwasha jiko.

Nilikuja kuligundua hilo Jumamosi moja, mbele ya watoto kumi na wanne wa miaka minne hadi sita, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi huko Umoja. Rafiki yangu anayeendesha saa ya hadithi pale alikuwa mgonjwa, akaniomba nimshikie. "Wewe si ni mtu wa fasihi?" akaniambia. Nikabeba kitabu cha picha, nikasoma kwa sauti yangu nzuri kabisa: Sungura, Fisi, kisima, mambo ya kawaida. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku cha manjano kinachouliza tumejifunza nini. Nikauliza. Kimya. Halafu kijana mmoja aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele akainua mkono.

"Tumejifunza kukaa vizuri."

Nimesoma uhakiki mwingi wa vitabu vya watoto, na sijaona unaoushinda huo. Alikuwa sahihi. Kwa dakika kumi nzima hakuna kingine nilichowaomba wafanye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikisumbukia kile kisanduku cha manjano. Kiko karibu kila mahali: kwenye vitabu vya kiada, kwenye vile vya ziada, kwenye video za YouTube ambapo mwishoni sauti tamu inakuambia usiwe mchoyo kama Fisi. Watu wazima tukisikia "hadithi za jadi" na "watoto" kwenye sentensi moja, tunaruka moja kwa moja hadi "maadili". Hadithi imekuwa ile juisi ya kumezea panadol.

Sina ugomvi na maadili, jamani. Wazee walifundisha, hilo halina ubishi. Lakini angalia walivyofanya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anakumbuka jioni za utotoni, hadithi kando ya moto kwa Gĩkũyũ, na anataja jambo moja ambalo huwa tunalipita haraka: kesho yake watoto wenyewe walizisimulia upya kwa wenzao shambani, wakichuma pareto, majani chai na kahawa za wenye mashamba. Yaani wale watoto walikuwa mafanani. Jioni wanapokea, asubuhi wanatoa, na bila shaka kila mmoja anatia chumvi yake. Kisanduku cha manjano kinamrudisha mtoto kuwa hadhira peke yake, tena hadhira inayotahiniwa.

Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata sikubeba kitabu. Nilibeba kamba ya kuanikia nguo, kanga mbili na magazeti ya zamani, na kichwani nilikuwa na ile hadithi ya Kima na Papa.

Kwa ambao hawaijui: kuna mkuyu mkubwa ufukweni, nusu ya matawi yake iko upande wa nchi kavu, nusu imeinama juu ya maji. Kima anakula makuyu juu, na Papa yuko chini baharini, mdomo wazi, anarushiwa yake. Wanakuwa marafiki. Siku moja Papa anamwambia, kila siku mimi hula kwako, leo twende kwetu na wewe ukakaribishwe. Kima hajui kuogelea, kwa hivyo Papa anambeba mgongoni. Wakifika katikati ya bahari, Papa anamweleza ukweli: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anafikiri haraka. Anamwambia, pole sana, si ungeniambia tukiwa kwangu? Sisi kima tukisafiri huiacha mioyo yetu mtini. Papa anageuza. Kima anapanda mti wake, na hashuki tena.

Hadithi hii ina safari ndefu kuliko wengi wetu. Edward Steere, mmishonari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, aliichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Lakini ni kongwe zaidi ya hapo. Iko kwenye Panchatantra ya Bara Hindi, na iko kwenye Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8. Kwa Wahindi mnyama wa majini ni mamba, kwa Waarabu ni kasa, kwetu ni papa. Na cheki hii: kule kwingine anayehitaji moyo ni mke wa yule mnyama, ana wivu na urafiki wa mumewe. Mahali fulani njiani mke akatoka, sultani akaingia. Wivu wa nyumbani ukawa amri ya ikulu. Kila nikiifikia sehemu hiyo huwa nakaa kidogo. Papa hana chuki na Kima hata kidogo. Ametumwa.

Naitaja safari hiyo kwa sababu kuna watu, hasa huku mtandaoni, wanaozungumzia hadithi za jadi kama maji ya chupa: safi, zimefungwa, hazijaguswa na mgeni. Si kweli, na watoto hawajali. Walichojali wa kwangu ni majina.

"Kima ni ile ya samosa?" Swali la kwanza hilo. Nairobi kima ni nyama ya kusaga, na wote kumi na wanne walikubaliana kwamba haiwezi kupanda mti. La pili: Papa ni yule wa Roma? Nikasema hapana, ni samaki mkubwa mwenye meno. Msichana mmoja akaanza kupiga makofi kwa viganja kama taya, na kabla sijajua, ukumbi mzima ulikuwa unaimba Baby Shark. Kiswahili sanifu kilikuwa kimekufa kabla ya sentensi yangu ya pili. Nikawaacha wamalize. Tukakubaliana kwamba Kima ni jina la tumbili fulani, kama vile mtu anavyoitwa Brian, na Papa ni jina la beshte yake.

Halafu nikasema "Paukwa!" Wawili tu ndio walijua kujibu. Hapa ndipo ule usomi wangu wa fomyula ulipopata kazi kwa mara ya kwanza maishani. Mtihani ulitaka niseme kwamba mwanzo wa kifomyula "huvuta usikivu wa hadhira". Sawa, unavuta. Lakini ukiwa umesimama pale unaona ni zaidi ya hapo. Ni mkataba. Wengine huitikia kwa kuuita uongo uje na utamu ukolee, yaani wanatangaza mapema kabisa kwamba kuanzia hapa tunadanganyana kwa hiari. Nilipowafundisha "Pakawa!" na tukairudia mara tatu, sauti iligonga mabati, na ukumbi ukawa mahali pengine. Mtoto wa miaka minne anaelewa mkataba huo kuliko mhariri wa vitabu anayeogopa kwamba hadithi itafundisha uongo.

Tukacheza. Kamba ikawa ufuko. Kanga zikawa bahari. Benchi likawa mkuyu, nusu huku, nusu kule. Magazeti tuliyafinyanga tukapata makuyu, na kila aliyepanda benchi alirusha huku aliye chini amefungua mdomo. Sehemu hiyo, ambayo kwenye kitabu ni sentensi mbili, ilituchukua robo saa. Nilijaribu kuharakisha, wakanikatalia. Sasa naona walikuwa wanajenga urafiki ule kwa mikono. Bila hiyo robo saa, kinachokuja baharini hakiumi.

Nilipofika kwenye maneno ya Kima sikuendelea. Niliwageukia, nikauliza mmoja mmoja: wewe moyo wako umeuacha wapi?

Majibu yalikuwa ya watoto. Kwa friji. Chini ya sofa, pale rimoti hupotelea. Kwa begi ya shule. Kwa shosho, Murang'a. Kijana wa meno mawili akasema ameuficha kwa kiatu lakini hasemi ni cha mguu gani. Halafu msichana mmoja mpole, wa miaka mitano, ambaye alikuwa hajasema neno tangu aje, akajibu:

"Wangu uko Saudia."

Wakenya hatuhitaji kuelezwa. Mama yake yuko kule, kazi ya nyumbani. Baadaye nililithibitisha kwa shangazi aliyekuja kumchukua. Pale pale nilijua tu kwamba nimefungua mlango ambao sikujua kama ninaweza kuufunga. Ukiwa na kitabu mkononi unageuza ukurasa. Mimi nilikuwa na kamba.

Aliyeniokoa ni aliyekuwa Papa. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kanga, anaogelea. Akainua kichwa, akasema, kama jambo la kawaida kabisa: "Basi turudi tukauchukue."

Hayo ndiyo Papa anayosema kwenye hadithi. Karne na karne Papa amekuwa akilijibu hivyo kila Kima. Yule mtoi hakutunga kitu, alifuata hadithi tu. Wakapanda kanga wote, wakaogelea kwenda Saudia, ambayo ilikuwa ukuta wa mbali karibu na viti vilivyopangwa. Walipofika, msichana aliangalia ukuta kwa muda, akageuka kwa wenzake. "Ngojeni. Mama anapiga deki."

Wakakaa chini, wakangoja. Watoto ambao Jumamosi iliyotangulia hawakuweza kutulia dakika tano walikaa sakafuni wakimngoja mama wa mtu amalize kupiga deki. Sijui walikaa muda gani, sikuangalia saa. Halafu uji ukaletwa, na mchezo ukaisha vile michezo huisha, katikati.

Sidai kwamba hadithi ilimponya mtu. Naogopa sana makala zinazodai hivyo. Shangazi aliniambia tu kwamba usiku huo mtoto aliuliza kama papa wanaweza kufika Jeddah. Ninachodai ni kidogo zaidi, na ni cha kihakiki: ile hadithi ina nafasi ndani yake, shimo la umbo la moyo, ambapo msikilizaji anaweza kuweka kitu chake. Kama ningeisoma hadi kwenye kisanduku na kuuliza tumejifunza nini, jibu lililoandaliwa lingekuwa "tuchague marafiki wema", na lile shimo lingezibwa kwa saruji.

Hebu tulitazame hilo jibu, kwa sababu ndilo nimeliona likifungiwa kwenye hadithi hii zaidi ya mara moja. Chagua marafiki wema. Ati Papa ni rafiki mbaya. Basi mbona alisema? Alikuwa na Kima mgongoni, katikati ya maji, mnyama asiyejua kuogelea. Angenyamaza tu mpaka wafike. Hakuna aliyemlazimisha kufungua mdomo. Niliwauliza watoto swali hilo Jumamosi ya tatu, kwa sababu lilikuwa linaninyima usingizi mimi mwenyewe. Wakafikiria. Mmoja akasema Papa ni mjinga. Mwingine, yule yule Papa wetu wa kanga, akasema: "Juu ni beshte yake."

Hapo ndipo penye fundo. Anayesema ukweli anakupeleka kufa. Anayedanganya anajiokoa na hajamdhuru mtu. Rafiki ametumwa na mkubwa, na urafiki wake wote uliobaki ni kukwambia kabla. Mtoto wa miaka mitano ameliona hilo bila kisanduku. Mzazi mmoja alinitumia ujumbe akilalamika kwamba tunafundisha watoto kuongopa. Nilimjibu kwa heshima, na sikumjibu vizuri. Ningemwambia kwamba mwanawe tayari anajua kuongopa, anaongopa kuhusu maziwa kila asubuhi. Asichokuwa nacho ni mahali pa kuuangalia uongo kwa pande zake zote bila kuchapwa.

Nikiwa na jicho hilo nimerudi kwa vitu vingine vinavyopendwa. Tinga Tinga Tales, ile katuni iliyohuishwa hapa Nairobi kwenye studio za Homeboyz na kuonyeshwa CBeebies ya Uingereza kuanzia 2010, bado naipenda. Rangi zake, zilizokopwa kwa wachoraji wa Tingatinga wa Tanzania, zinakufanya utake kulamba televisheni. Lakini kila kipindi kinajibu "kwa nini": kwa nini Tembo ana mkonga, kwa nini Twiga ana shingo ndefu. Usuli ni aina halali ya ngano, nilijifunza hivyo. Shida ni kwamba ukila usuli asubuhi na jioni unaanza kuamini hadithi zote zipo ili kumalizikia kwenye jibu. Na skrini haisubiri "Pakawa".

African Storybook, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, iko karibu zaidi na ninachokitafuta, kwa sababu ruhusa yake inakubali yeyote atafsiri na kubadilisha. Kuna vitabu pale vya Kiswahili na vya lugha zetu nyingine ambavyo huvipati kwa duka lolote la River Road. Ubora unapanda na kushuka kama stima, tuseme ukweli. Kuna tafsiri zinazosomeka kama maelekezo ya dawa. Lakini mlango uko wazi. Mwalimu akiona mwisho umelala, anaweza kuuamsha.

Na kuna moja ambayo ningempa kila mtu anayekaa na watoto wadogo: ile ya Ngũgĩ ya viungo vya mwili kugombana, Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, ambayo Jalada waliitoa mwaka 2016 na ikatafsiriwa katika lugha zaidi ya 60. Watu wanaisifu kwa hiyo idadi ya lugha. Mimi naisifu kwa sababu haiwezi kusimuliwa ukiwa umekaa. Mikono inashindana na miguu. Ukiisimulia kwa watoto, watajaribu kutembelea mikono, wataanguka, watashindania nani wa maana zaidi, kidole gumba au unyayo. Mchezo uko ndani ya kisa chenyewe, hauhitaji kubandikwa juu.

Nasema kubandikwa kwa sababu nimeona upande wa pili pia. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoingia nchi nzima mwaka 2019 ukianzia chekechea na gredi za kwanza, tuliahidiwa mtoto atajifunza kwa kutenda. Wazazi wengi wanaukumbuka kwa kukimbizana na fotokopi saa tatu usiku. Siku hizi neno "mchezo" liko kila mahali, na mara nyingi ni kisanduku kile kile, kimevaa fulana. Nilihudhuria warsha moja ambapo mkuyu wa Kima ulikuwa na makuyu kumi ili watoto wahesabu. Kima akirusha matatu yanabaki mangapi? Saba. Hongera. Papa hakuwahi kufika. Hesabu ilipoisha hadithi ilikuwa imeisha, na hakuna mtoto aliyeuliza kilichofuata.

Wala sitaki kujifanya kwamba kila kitu cha zamani ni asali. Kwa Steere, Kima akishapanda mti anamsimulia Papa kisa cha pili, cha punda wa dobi. Sungura anamshawishi Punda kwa ahadi ya kuposwa, Simba anamrukia, Punda anaponea. Sungura anamshawishi tena. Punda anarudi, anauawa, na Sungura anakula moyo. Simba akiuuliza, anaambiwa Punda hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi kweli? Ni kisa chenye makali, na kinamcheka aliyekufa. Matoleo ya watoto niliyoyaona hukikata kabisa. Mimi pia nilikikata mara tatu mfululizo, na kila mara nilijiambia ni kwa sababu ya muda.

Lakini bila Punda, Kima ni mjanja tu aliyeponyoka. Akiwa na Punda, ni mtu aliyekaa juu ya tawi akimweleza rafiki yake wa zamani kwa nini hatashuka tena, na hawezi kulisema hilo moja kwa moja, kwa hivyo analisema kwa hadithi. Ndiyo sababu hadithi mbili ziko ndani ya moja. Ukikata ya pili umebaki na mbio tu.

Watoto wamegundua kuna kitu nawaficha. Jumamosi iliyopita, baada ya Kima kupanda benchi, Papa alibaki amelala kwenye kanga, hataki kuinuka. "Anti, si wataongea?" akaniuliza. "Ama wamekosana tu hivyo?" Yule msichana mpole alikuwa kwenye benchi, yeye ndiye Kima siku hiyo, miguu inaning'inia upande wa bahari. Akaniangalia nijibu.

Nikasema wataongea wiki ijayo. Nimeshatafuta gunia la kuwa punda. Sijaamua kama Sungura ataula ule moyo mbele yao.